Watu wa Chini ya Jahazi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wangu, na mama zetu mlio upande wa pili wa pazia: nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu.

Leo nataka kusema nanyi juu ya damu ambayo bado haijamwagika. Ile iliyokwisha kumwagika tumeisemea sana, na tumeiombea sana. Tukishamaliza kuzika kila mtu huwa na la kusema. Kabla ya kuzika ndipo midomo yetu inapokuwa mizito.

Imamu Bukhari amepokea kwa njia ya Nuuman bin Bashir kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alitupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja wakapiga kura, wengine wakapata kukaa juu na wengine chini. Wale wa chini kila wakitaka maji iliwabidi wapande wapite kwa wale wa juu. Wakaona wanawaudhi wenzao. Wakapitisha shauri watoboe tundu katika fungu lao wenyewe, wachote maji bila kumsumbua mtu. Mtume akatufahamisha kwamba wakiachwa wafanye watakalo, chombo kitazama na wote. Na wakishikwa mikono, wataokoka wao na wataokoka wote.

Mfano huu tumeusikia tangu madrasa, na kwa kuwa tumeuzoea tunaupita mbio. Tunawaona wale wa chini kuwa ni watu wabaya, basi. Turudi tuwatazame vizuri. Hawakuwa na nia ya kumzamisha mtu. Walikuwa na kiu, na walikuwa wamechoka kupita mbele ya watu wanaowakunjia uso kila wakibeba ndoo. Baharia mwenye akili akimkuta mwenzake ngamani na keekee mkononi, hufanya mambo mawili, tena kwa mara moja: anamshika mkono, na anampa maji. Akimshika mkono tu akaondoka, kiu itabaki pale pale, na usiku watu wakilala keekee itazunguka. Akienda kumtafutia maji kwanza, atarudi akute tundu limeshakuwa shimo. Nimekaa na mfano huu miaka mingi, na kila vita nilivyovisikia au kuvishuhudia nimevipima kwa mambo hayo mawili. Nataka mvipime pamoja nami.

Mimi ni mtoto wa Likoni. Agosti 1997 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi sita wakauawa, bunduki zaidi ya arobaini zikachukuliwa, na kutoka pale vijana wakaingia mitaani kuwatafuta watu wa bara. Mpaka mambo yalipotulia, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kuuawa na watu wapatao 100,000 wamekimbia makwao. Kanisa Katoliki la Likoni lilijaa watu waliokimbilia humo na magodoro na masufuria yao. Mtaani kwetu alikuwako fundi cherehani kutoka Nyanza. Kanzu yangu ya Idi mwaka ule aliishona yeye, akanirefushia mikono bila kunidai senti. Alivuka feri na mkewe na watoto, cherehani akaiacha. Sikumwona tena.

Lililonikaa moyoni ni kwamba tulikuwa tumesikia. Vikaratasi vya kuwaambia wabara waondoke vilikuwa vimeshaonekana. Vijana tuliocheza nao mpira walikuwa wakipotea siku mbili tatu, kisha wanarudi na ukimya ambao hawakuwa nao. Barazani ilisemwa kwamba kuna watu msituni, kule Kaya Bombo, wanakula kiapo. Wazee walilisema kwa sauti ya chini, kahawa ikifika wakageuza mazungumzo. Baadaye Tume ya Jaji Akiwumi ilipokuja kusikiliza ushahidi, ilibainika kwamba hata wakuu wa usalama habari zilikuwa zimewafikia mapema. Basi juu walijua, na chini tulijua.

Na mimi nilijua zaidi ya wengine. Rafiki yangu mmoja, tuliyekaa naye ubao mmoja wa madrasa, alinijia akaniuliza kama nitakwenda nao. Nikamwambia sitakwenda. Nikarudi nyumbani nikijiona mwema, kwa kuwa nimekataa. Sikumwambia baba yangu. Sikumwambia imamu. Sikumfuata yule rafiki kesho yake nikakaa naye mpaka jua lichwe. Kukataa kwangu kulinisalimisha mimi peke yangu, na Mtume hakutuambia kwamba yule wa juu ataokoka kwa kukataa kushika keekee.

Walikuwa na kiu gani wale vijana? Mnaijua. Mtu amezaliwa Kwale, babu na babu ya babu yake wamezikwa chini ya miembe ile ile, na hana hati ya hata hatua kumi za ardhi. Anaona kazi za bandarini na za mahotelini zinampita. Kiu ile ilikuwa ya kweli, na anayesema kwamba haikuwako anasema uongo. Lakini waliokuja kuwasikiliza walikuwa watu wa siasa waliotaka kura za wabara zipungue kabla ya uchaguzi wa Desemba. Maji hawakuwaletea. Waliwaletea keekee, wakawaambia tundu litobolewe kwa fundi cherehani, ambaye hakumnyang'anya mtu shamba hata siku moja. Kisha likaja jeshi la polisi, wakakamatwa waliofanya na wasiofanya, wakapigwa. Mkono ukashikwa baada ya chombo kujaa maji. Hati za ardhi hazikuja.

Sasa twendeni Wajir, kwa ndugu zetu wa kaskazini, kwa kuwa huko nimepata somo ambalo siku zote nimetamani tungelipata Likoni.

Mwaka 1991 na 1992 ukame ulikuwa umewamalizia watu mifugo. Ukaja uchaguzi wa 1992, ukawagawa kwa koo: Ajuran, Degodia, Ogaden. Wote Wasomali, wote Waislamu, wote wanaelekea kibla kimoja mara tano kwa siku, na wakauana. Tena ulikuwa mji wenye jeraha. Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa Kidegodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, wakawaua. Serikali ilitaja watu 57. Walionusurika walihesabu mamia kwa mamia. Watu waliopitia hayo, risasi si jambo geni kwao, na suluhu inayotoka Nairobi hawaiamini kwa urahisi.

Katika mji huo alikuwako mwanamke, Bi Dekha Ibrahim Abdi, Mungu amrehemu, aliyezaliwa mwaka 1964. Usiku mmoja risasi zilipita nyumbani kwake, akamnyakua mtoto wake wa kwanza akaingia naye chini ya kitanda, wakakaa humo saa nyingi. Asubuhi mama yake akamwambia kwamba katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, yeye naye alimficha Dekha vile vile, chini ya kitanda vile vile. Fikirini, mama zangu mlio nyuma ya pazia. Bibi, mama, mjukuu, na sakafu ni ile ile. Asubuhi ile Bi Dekha aliona kwamba asipofanya kitu, mtoto wake naye atakuja kumficha mtoto wake.

Wakakutana wanawake wachache, hawakufika dazeni. Hawakuanza kwa wazee wala kwa serikali. Walianza sokoni. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika: mwanamke wa ukoo huu hauziwi na mwanamke wa ukoo ule, na ugomvi wa meza ya maziwa ukifika nyumbani unageuka bunduki. Wakaahidiana kwamba soko liwe la kila mama, wa ukoo wowote. Wakaweka miongoni mwao watu wa kuangalia, kila siku, nani kamtukana nani, nani kanyimwa nafasi, na likitokea neno wanalimaliza siku ile ile kabla jua halijachwa. Naomba mlitazame jambo hili kwa makini. Walichagua mahali ambapo ugomvi bado ni mdogo, na ambapo wao wenyewe wana mkono unaofika.

Soko lilipotulia wakawaendea wazee. Na hapa walikuwa na hekima: walikwenda kwanza kwa mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ambao hata vita vikiendelea hauna cha kushinda. Akawa yeye msemaji, na wenye koo kubwa wakaweza kumsikiliza bila kuona wameinama kwa mshindani wao. Mwaka 1993 wazee wakaafikiana mapatano yaliyoitwa ya Al-Fatah. Wengi hapo wangetia sahihi wakapigwa picha wakaenda zao. Akina mama hawakwenda zao. Waliwafuata vijana huko porini walikokuwa na bunduki, wakawasihi waziweke chini. Vijana wakawauliza: tukiziweka, tutakula nini? Bunduki ndiyo kazi yetu.

Kiu hiyo, ndugu zangu. Ndiyo ile ile ya mfano wa Mtume. Wanawake wale wangeliweza kuwajibu kwa mawaidha kama haya ninayowapa ninyi leo. Waliondoka wakaenda kwa wafanyabiashara wa mji, wakawaambia: mnataka barabara ziwe salama malori yenu yapite, basi toeni fedha, vijana hawa wapate kazi. Wafanyabiashara wakatoa. Mkono mmoja ulishika bunduki, mkono wa pili ukaleta maji. Mwaka 1995 ikaundwa kamati iliyoingiza wazee, wanawake, vijana, mashekhe na maofisa wa serikali ndani ya chumba kimoja, na wakiletewa habari ya ng'ombe walioibiwa au mtu aliyepigwa, wanatoka haraka kufika pale, hawangoji kikao cha mwezi.

Sitawadanganya kwamba Wajir ikawa pepo. Oktoba 1998 watu wengi waliuawa Bagalla kwa uvamizi mkubwa. Mwaka 2014 Garre na Degodia walipigana tena mipakani mwa Wajir na Mandera, na kamati zilikuwako. Kamati haizuii kila kitu, hasa silaha zinapotoka nje ya mpaka au fedha zinapotoka juu. Lakini watu walioishi mji ule kabla na baada wanaijua tofauti, na njia yao ilienea mpaka baada ya machafuko ya 2008 ikaamuliwa kamati za amani ziundwe wilaya zote za Kenya. Nami nimekaa katika baadhi ya kamati za namna hiyo ambamo kazi iliyofanywa kwa bidii kuliko zote ilikuwa kutia sahihi karatasi ya posho. Jina lilichukuliwa, na soko likaachwa. Kamati isiyojua nani kamtukana nani jana si kamati ya Wajir hata ikiitwa hivyo.

Kuna watu wanaoniambia: Shekhe, haya ni mambo ya mikono midogo, mauaji makubwa hayazuiliki. Nawaambia hapana, na shahidi wangu ni Rwanda, ambako mikono mikubwa ilikuwako ikajikunja. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Dallaire, mkuu wa askari wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali, aliwapelekea wakubwa wake ujumbe kwamba amepata habari za silaha zilizofichwa na za mpango wa kuwaua Watutsi. Akasema anataka kwenda kuzichukua. Akakatazwa. Miezi mitatu baadaye mauaji yakaanza. Askari kumi wa Kibelgiji wakauawa tarehe 7 Aprili, na tarehe 21 mwezi ule, damu ikiwa inatiririka mitaani, Baraza la Usalama likaamua kupunguza askari waliokuwa kama 2,500 wabaki 270. Katika siku mia moja watu wapatao 800,000 waliuawa, na serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni. Keekee ilionekana, ikatajwa kwa jina, ikaandikiwa barua, na mikono ikarudishwa nyuma.

Na kwa kuwa ni Ijumaa na tuko nyumbani kwa Mola, nitasema na lile linalotuuma sisi. Waislamu wa Rwanda walikuwa wachache, na katika mtaa wa Biryogo mjini Kigali wako waliowaficha Watutsi majumbani mwao, Mungu awalipe. Tunapenda kuisimulia habari hiyo, na ni haki isimuliwe. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, gazeti lililowachonganisha watu tangu mwaka 1990 mpaka wakaona kumuua jirani ni sawa na kujikinga, naye alikuwa Mwislamu. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003. Jina la Kiislamu halikumzuia. Kalamu yake ilitangulia mapanga kwa zaidi ya miaka mitatu, na miaka mitatu hiyo yote ilikuwa nafasi ya mtu kumshika mkono.

Baada ya mauaji yale, mwaka 2004, huko Rwanda ulianza kutangazwa mchezo wa redioni uitwao Musekeweya, juu ya vijiji viwili vinavyogombana. Mtafiti mmoja wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, akapima ulifanya nini kwa waliousikiliza. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2009 nimeyafikiria sana. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile ambacho mtu anakiona kuwa kinakubalika kwa wenziwe: wakawa wepesi kusema wazi wanapopinga jambo, wakawa wepesi kushirikiana. Mtu anaweza kubaki na chuki yake kifuani, lakini akijua kwamba barazani pake jambo lile halisemwi, msikitini pake halifanywi, mkono wake unazuilika. Mtume alitufundisha kwamba ovu huondolewa kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, asiyeweza achukie moyoni. Sisi tunaanza mwisho, tunachukia moyoni, tena kimya, na yule kijana anapotutazama haoni chochote usoni mwetu. Anadhani tumeridhia.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Salah Farah, mwalimu. Desemba 21, 2015, Al-Shabaab walisimamisha basi huko Mandera wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka uliotangulia, Novemba, walisimamisha basi jingine wakawatenga watu wakaua 28. Safari hii Waislamu wa ndani ya basi walikataa. Kina mama waliwatupia Wakristo mitandio wajifunike, na wauaji wakaambiwa waue wote au waache wote. Wauaji wakaondoka. Mwalimu Salah alipigwa risasi, akafa Januari 2016 kwa majeraha yale, Mwenyezi Mungu amkubalie shahada. Nani aliwafundisha abiria wale kufanya hivyo kwa dakika ile moja? Hakuna semina ya dakika ile. Lilikuwa limeshakaa ndani yao, kabla ya basi kusimamishwa, kwamba mwenzetu hatolewi.

Ninarudi kwenye maji, kwa kuwa naogopa mtashika nusu ya maneno yangu. Uchaguzi wa Desemba 2007 uliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Jaji Waki, na zaidi ya 600,000 wakahama makwao, mpaka Kofi Annan alipowakalisha wakubwa wetu wakatia sahihi tarehe 28 Februari 2008. Ulipokuja uchaguzi wa 2013, nchi nzima iliimbishwa amani. Amani redioni, amani kwenye fulana, amani kwenye simu. Na kweli damu haikumwagika kama mara ile, alhamdulillahi, sitaidharau neema hiyo. Lakini mwenye dai la ardhi aliambiwa anyamaze kwa ajili ya amani. Mwenye malalamiko ya kura aliambiwa asiharibu amani. Mkono ulishikwa vizuri sana mwaka ule. Ndoo ya maji sikuiona.

Ndugu zetu wa Shimoni wanakumbuka madau yaliyoteremka na watu wa Pemba Januari 2001, baada ya kupigwa risasi kwenye maandamano kule. Tuliwapokea, tukala nao. Zanzibar ilikwenda kutoka uchaguzi mmoja wa mashaka hadi mwingine, mpaka Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa upinzani walipokutana wakazungumza. Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya pamoja, na uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao vijana wa huko hawakuwa wameuona maishani mwao. Pale maji yaligawanywa, na yakafanya kazi. Mwaka 2015 uchaguzi ulipofutwa, watu wengi waliona ndoo imeondolewa tena, na maumivu yakarudi. Maji hayagawanywi mara moja yakatosha safari nzima.

Kazi hii ina shida moja inayowavunja moyo wanaoifanya. Aliyezima moto anaonekana, ana masizi usoni. Aliyezuia moto usiwake hana cha kuonyesha. Yule mama wa sokoni Wajir aliyemaliza ugomvi wa maziwa kabla ya adhuhuri, nani atamhesabia watu ambao hawakufa? Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2018 kwamba kuzuia vita mapema kungeokoa kati ya dola bilioni 5 na bilioni 70 kila mwaka, na bado fedha nyingi hutolewa wakati mahema ya wakimbizi yameshapigwa. Hata sisi, tukiitwa kuchangia majeruhi tunatoa. Tukiitwa kuchangia nauli ya wazee wawili waende wakazungumze na vijana, tunauliza: kwani kumetokea nini? Lakini tuna Mwenye kuhesabu. Katika Suratul Maida ametujulisha kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote, na hakushurutisha kwamba nafsi hiyo ijue nani kaiokoa.

Tena tazameni Mtume wetu alifanya nini. Ilimfikia habari kwamba watu wa Quba wamegombana mpaka wakarushiana mawe. Mawe tu, ndugu zangu, panga lilikuwa bado. Hakusema wacha kwanza tuone litafika wapi. Aliinuka na baadhi ya sahaba zake akaenda kuwapatanisha, na alikaa huko mpaka wakati wa swala ukamkuta hajarudi, Bilal akamwendea Abubakar awasalishe watu. Imepokewa hiyo kwa Sahl bin Saad, na iko ndani ya Bukhari. Imamu wa maimamu alichelewa jamaa katika msikiti wake mwenyewe kwa sababu ya mawe ya Quba. Sisi tunawahi safu ya kwanza, na mawe yanarushwa nyumba ya tatu.

Uchaguzi wa 2027 uko njiani. Sitaki kungoja vikaratasi. Vikaratasi vya siku hizi haviwekwi mlangoni, vinakuja kwenye simu, saa sita za usiku, na sauti ya mtu asiyejulikana anasema watu fulani wameshapangwa kuja kutuua. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha tuchunguze habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua tukaamka na majuto. Basi ujumbe wa namna hiyo ukikufikia usiusukume mbele hata kwa kuuliza eti ni kweli. Nipigie mimi, au mpigie mzee yeyote wa kamati ya msikiti, saa yoyote. Tutakwenda wenyewe mpaka mahali panapotajwa tukatazame kwa macho.

Na kijana wako akianza kupotea siku mbili tatu akarudi na ukimya, usijiambie ni utu uzima. Kaa naye. Asipokwambia, mlete. Hapa hatutamkabidhi mtu kwa kumshuku. Tutamuuliza ana kiu gani. Wenye maghala ya biashara, wenye malori, wenye vyombo vya uvuvi mlio katika safu hizi, ninajua majina yenu na mnajua ninalotaka kuwaomba. Wako vijana ishirini na wanne mtaa huu waliomaliza shule na hawana kazi. Nimewaandika, orodha iko mfukoni mwa kanzu hii. Sitaisoma hadharani, nitawapitia mmoja mmoja madukani mwenu kuanzia Jumatatu, na nitarudi na kurudi.

Leo baada ya swala ya alasiri, mchungaji wa kanisa la nyuma ya soko atakuja kukaa nasi barazani hapa nje. Yeye ataleta wazee wake wanne, nasi tutakuwa na wetu wanne, na nimewaomba kina mama wawili wanaouza samaki kule sokoni wawepo, kwa kuwa wao huyasikia maneno kabla yetu sote. Tutakubaliana nani atampigia nani, na kwa saa ngapi. Atakayependa kukaa asikilize, akae. Kahawa itakuwepo, na safari hii ikifika hatutageuza mazungumzo.

Fundi cherehani nimemtafuta miaka mingi, nikamwulizia hata kwa watu wa Kisumu. Kama yuko hai, Mola amfikishie salamu zangu. Cherehani yake aliihifadhi mama yangu mpaka alipofariki, na sasa iko kwangu, nimeitia mafuta, inashona.

Muadhini, kimu swala. Tusimame, tunyooshe safu.